Malalamiko ya Sajini Aliyepewa Maboti Badala ya Vita

Kwa Ndugu Katibu Mkuu,
Umoja wa Ulinzi wa Nchi za Kanda.

YAH: KUNYIMWA ADUI

Kwa heshima na taadhima, mimi ni sajini wa mizinga katika Kikosi chako cha Pamoja. Naandika nimekunja uso, ingawa tumbo linanizuia kuisogelea meza vizuri. Umoja wetu umeacha vita, nami naumbuka mbele ya mama yangu mzazi, ambaye ameutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ni simba wa vita.

1. Mkataba unasema adui wa mmoja ni adui wa wote. Niliapa huku machozi yananitoka. Haya, huyo adui yuko wapi? Tangu niape tumepelekwa kupambana na mafuriko, kipindupindu na nzige. Nzige, Ndugu Katibu! Na bado walinishinda.

2. Askari wa nchi jirani tuliozoea kuwatukana tangu mafunzo ya depo, leo tunalala nao hema moja. Koplo wao anakoroma, lakini ndiye anayenifunga kamba za buti, maana mimi sizifikii. Nikimchukia huyu, nitatembea peku.

3. Wafadhili walipokuja kutoka ng'ambo nilijiandaa kuwaonyesha shabaha. Wao wakatufundisha kutibu maji kwa vidonge, nikapata cheti. Mama akauliza ni cha kuua wangapi. Nikajifanya simu inakatika.

4. Mzinga wangu umefungwa kamba ya kuanikia vyandarua. Siku ya mazoezi niliufyatua, ukakohoa, ikatoka soksi ya mpishi.

5. Juzi nilimbeba bibi mmoja mgongoni, maji kifuani. Njia nzima ananielekeza: kushoto, kulia, taratibu wee mnene. Tulipofika akanipa pole. Jamani, askari mzima kupewa pole na mzigo wake!

Hivyo naomba, kama vita kamili haipatikani, basi japo kaugomvi ka mpakani, kasikoumiza mtu, nipate picha moja ya kumtumia mama. Koplo jirani amekubali kuwa adui, mradi tumalize kabla ya chakula cha mchana.

Nisalimie makamanda, dereva wako na mama wa chai. Wafadhili waambie vidonge vimekwisha.

Ni mimi, mtiifu kwako, mwenye hasira za kiasi,
Sajini wa mizinga, maarufu kama Radi.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mama amepiga simu. Mto umevunja kingo alfajiri, nyumba yake yote imo majini. Kikosi kilikwenda, mimi nilisingizia kiuno ili nibaki niandike haya. Mama yuko hai. Amebebwa mgongoni na askari wa nchi jirani, asiyejua hata neno moja la lugha yetu. Nimelia, Ndugu Katibu. Barua hii ichane, na boti litakalotangulia kesho nipange mimi. Mama anasema leo ndipo alipomwona askari wa kweli, na anauliza kama jeshi lao bado linaandikisha watu, maana ana kijana wake anakaa tu.