Vita vya Boga Lisilo na Chumvi

Sogeeni, enyi mliokaa vibarazani, na enyi mliojilaza makochini mkijidai mmechoka. Lazeni simu kifudifudi, punguzeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa akimalize, maana nataka kuwasimulia vita vikubwa kuliko vyote vilivyopata kupiganwa katika jiko letu, vita ambavyo ndani yake watu wazima wenye nguvu na akili timamu walirudishwa nyuma na mtu mmoja asiyejua hata kutambaa. Sitaongeza neno. Nikiongeza, ni kwa ajili ya uzuri tu.

Lakini kwanza kitendawili, wajukuu zangu, akili zipate moto. Lango langu lina walinzi wawili, weupe, wamesimama upande wa chini, hawajamaliza hata kuota, na jeshi zima limeshindwa kupita. Mmeshindwa? Nipeni mji. Sitaki mji mkubwa, nipeni wenye maji ya bomba yasiyokatika. Haya: ni mdomo wa mjukuu wangu.

Huyu ndiye Bwana Mdogo, Mwenye Mashavu Kama Mito ya Kochi, mwana wa fundi wa kuchomelea, mjukuu wa mlinzi wa geti, mfalme wa kila paja alilokalia. Alikuwa ametimiza miezi sita. Shingo ilikuwa imekaza, mgongo ulikuwa umekubali kukaa, na kila tulipokula alikisindikiza kwa macho kila kijiko kuanzia sahani hadi kinywani, kama mtu anayehesabu abiria. Nesi wa kliniki, mwanamke mwenye sauti ya kengele, alipomwona hivyo akatangaza kwamba wakati umewadia: maziwa ya mama yaendelee, na chakula kiongezwe.

Naye akampa mkwe wangu sheria za vita. Chakula kipondwe mpaka kilainike, ila kisiwe maji, kikae juu ya kijiko bila kumwagika. Kipya kiingie kimoja kimoja, na kabla ya kingine mngoje siku chache mwone kama mwili utatoa vipele. Asali ni marufuku mpaka atimize mwaka. Karanga nzima na kila kitu kigumu cha mviringo kisimkaribie. Chumvi na sukari zisiingie bakulini. Tena asilazimishwe, akigeuza kichwa, vita vimeahirishwa.

Sasa sikieni kilichokuwa hatarini. Mkwe wangu ni mshonaji katika karakana ya sare za shule, na likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha. Msimamizi alishampigia simu akamwambia, kwa upole wa watu wanaotisha, kwamba asipoonekana Jumatatu cherehani yake itakaliwa na mwingine. Mchana kutwa mtoto angebaki nasi wawili, mimi na Mzee wangu. Lakini Bwana Mdogo alikuwa hapokei kitu kwa mkono wowote usio wa mama yake. Kikombe cha maziwa aliyokamuliwa alikipiga kofi, na kijiko alikitemea. Jumamosi ile mkwe wangu alikuwa akimenya boga, akasema taratibu, si kwangu wala kwa nani, kwamba asipokula kwa mtu mwingine yeye ataondokaje. Kisha akaendelea kumenya.

Boga likachemka, likaiva, likapondwa, likalainishwa kwa maziwa ya mama mwenyewe mpaka likang'aa kama dhahabu ya sultani. Bwana Mdogo akakalishwa wima kwenye kiti chake, akafungwa mkanda, akavishwa bibu la kukinga nguo. Na majeshi yakajipanga.

Wa kwanza kushuka uwanjani alikuwa baba yake, mwanangu mimi, Mkata Vyuma, ambaye kutwa nzima hucheka na cheche za moto. Akaonja kidogo kupima joto, akakunja uso, kisha akatabasamu na kusogeza kijiko. Lango likafungwa. Akajaribu sauti ya gari, akajaribu ya ndege, ndege ikapigwa kofi angani, na rubani akarudi nyuma na boga jichoni, akitafuta kitambaa kwa kupapasa ukuta.

Ndipo akainuka Shangazi, binti yangu, msusi wa nywele, Mama wa Watatu, Mjuzi wa Yote Yaliyopita na Yajayo. Yeye alisema tatizo si mtoto. Akaonja, na uso wake ukajikunja kama shuka iliyosahaulika kwenye beseni.

"Wifi, hata wewe ungetema," akamwambia mkwe wangu. "Tia chumvi punje mbili tu tuone."

"Nesi amekataa, wifi. Figo zake bado changa."

"Nesi hatakuwepo hapa Jumatatu."

Neno hilo lilimwingia mkwe wangu, nikaliona likishuka. Lakini kopo la chumvi alilikamata, akaliweka juu ya kabati, na Shangazi akabaki na mkono hewani.

Hapo ndipo iliposikika sauti kutoka pembeni, kwenye kiti cha mikono miwili, sauti iliyopata kusimamisha malori. Ilikuwa sauti ya Mzee wangu, Mwenye Masharubu, aliyelinda geti la kiwanda cha unga mpaka akastaafu na hakupita dereva bila karatasi. Nanyi mjue kwamba Mzee naye alikuwa na vita vyake. Daktari wa presha alikuwa amemwondolea chumvi, na tangu siku hiyo kila chakula cha jioni alikuwa akisukuma sahani mpaka katikati ya meza, akikunja mikono kama mtu aliyegoma mbele ya ofisi ya mkuu.

"Katika nyumba hii kuna wafungwa wawili," akasema. "Mmoja hana meno ya kutosha kujitetea, na mwingine ana daktari. Mwacheni mwenzangu ateme. Anatema kwa niaba yetu sote."

Akasimama, akaja mezani kwa hatua za gwaride, akachota boga kwa ncha ya kijiko, akalionja kama shahidi anayekagua maiti, na masharubu yakapinda, pua ikapanda, macho yakafumba. Bwana Mdogo akamtazama. Kisha, mbele yetu sote, Bwana Mdogo akapinda mdomo, akapandisha pua na kufumba macho, vilevile, yakakosekana masharubu tu.

Shangazi akacheka. Mkwe wangu hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na friji, kitambaa mkononi, na nikaona jambo limemjia. Asubuhi nzima kila shujaa aliyemsogelea mtoto alianza kwa kuonja, na kila aliyeonja alikunja uso kama aliyekanyaga msumari, kisha mtoto akatakiwa aamini ni tamu. Na mtoto si mjinga.

Sasa, mkwe hamwamrishi baba mkwe. Mkwe wangu tangu aolewe hapa hajawahi kumwambia Mzee hata asogee apige deki. Akavuta pumzi.

"Baba, samahani. Naomba ule naye."

"Nile nini?"

"Hilo boga. Bakuli lako na lake. Na usikunje uso."

Mzee akavuta masharubu upande mmoja, akayavuta upande wa pili, akatoa hotuba ndefu kuhusu heshima ya mtu mzima, geti la kiwanda na miaka aliyokula chumvi bila kufa, na mwisho akasema kwamba sahani ya boga kama hilo aliikataa juzi mbele ya mkewe. Akilila leo, atamtazamaje mkewe? Mimi nikajifanya natafuta mfuniko.

"Baba," akasema mkwe wangu, "Jumatatu naenda kazini au siendi. Inategemea mdomo wako."

Mzee akayaachia masharubu. Kisha akaenda kunawa mikono.

Enyi wasikilizaji, niwaeleze vipi alivyoketi! Uso kwa uso na Bwana Mdogo, mkono wa kulia kijiko chake mwenyewe cha chuma, mkono wa kushoto kijiko kidogo cha plastiki, mithili ya mpiganaji wa mapanga mawili. Mkwe wangu akajificha nyuma ya mlango wa friji asionekane na mtoto. Mzee akajaza kijiko chake, akakitia kinywani. Masharubu yakatetemeka, jicho la kushoto likataka kufumba, akalirudisha kazini. Akameza.

"Mmm," akasema yule aliyekuwa hajapata kuwatabasamia madereva.

Bwana Mdogo akamkagua, macho, pua, masharubu, akitafuta uongo. Hakuuona. Mzee akachota tena, akameza tena, akajilamba. Na hapo, taratibu, bila tarumbeta, lango likafunguka.

"Usisukume, Baba," ikatoka sauti nyuma ya friji. "Mguse mdomo wa chini, ungoje."

Akagusa. Akangoja. Mtoto akajisogeza mwenyewe akachukua. Boga likaingia, ulimi ukalipokea kama mgeni asiyetarajiwa, ukalisukuma mbele, macho yakajaa maji, naye akatoa sauti, keh, keh. Mkata Vyuma akaruka mpaka kiti kikaanguka. Shangazi akamwita Mungu. Mkwe wangu akatokeza kichwa.

"Msimguse. Anakohoa, pumzi inapita. Anajifunza."

Tukasimama pale, kila mtu ameshika mkono wa aliye karibu. Mtoto akakohoa tena, akalikusanya boga, akalizungusha. Shingo ndogo ikapanda, ikashuka. Limekwenda.

Hakuna aliyepiga kelele, tuliogopa kumshtua. Mzee akala kimoja, mtoto akala kimoja, maana Bwana Mdogo alikataa katakata kufungua kabla mwenzake hajameza. Boga la Mzee likapungua, uso wake ukiwa umeganda kwenye raha kama picha ya kitambulisho. Shangazi akasogea, akamwuliza kwa kunong'ona kama kumbe ni tamu.

"Usinichekeshe," akajibu Mzee bila kusogeza midomo. "Ananitazama."

Vijiko vichache, kisha Bwana Mdogo akageuza kichwa ukutani, na Mzee, kwa mujibu wa sheria za nesi, akaweka silaha chini. Jumapili wakapigana tena, bega kwa bega. Mwili wa mtoto haukutoa kipele hata kimoja.

Na Jumatatu asubuhi, mkwe wangu alinyonyesha, akavaa viatu, akabeba mkoba, akafika mlangoni akashindwa kutoka. Akasimama kwenye korido, kichwa ukutani. Jikoni kulikuwa na boga lilelile, kwa kuwa chakula kipya kilikuwa bado kinangojea zamu. Tukasikia kiti kikivutwa. Tukasikia Mzee akisafisha koo. Kisha, kwa sauti ndefu iliyojaa furaha ya uongo, sauti ambayo hakuwahi kunitolea mimi kwa mapishi yangu yote ya ujana, tukasikia: "Mmmmm." Halafu kijiko cha plastiki kikakwangua bakuli.

Mkwe wangu akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akafungua mlango.

Basi na ijulikane kwa wote walio hai na watakaozaliwa, kwamba katika asubuhi ile tukufu, kwa ushujaa wa masharubu ya mtu mmoja, boga lilishuka kooni kwa hiari yake lenyewe, na katika karakana ya sare za shule, cherehani iliyo karibu na dirisha ilikaliwa na mwenyewe.