Kamati ya Uaminikaji wa Bunduki za Kubuni

Kwa heshima na taadhima, nautaarifu umma kwamba katika nchi hii hakuna tena bunduki ya uongo. Za kweli sizijui, hizo ziko chini ya wizara nyingine. Naongelea bunduki za vitabuni, hasa vitabu vya historia mbadala, ambavyo vijana huviita vitabu vya "ingekuwaje": ingekuwaje kama mfalme angeteleza bafuni, ingekuwaje kama vita vile tulivyoshindwa tungeshinda. Waandishi walikuwa wakijigawia silaha ovyo. Askari wa enzi za farasi anapewa bunduki ya rashasha, na msomaji anameza tu bila kutafuna. Serikali yetu sikivu haikuweza kulifumbia macho jambo hilo. Ikaunda Kamati, nami nikateuliwa Katibu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Kanali mstaafu, mtu wa kitambi na nishani, aliyekuwa mkuu wa ugavi jeshini wakati wa vita vya mpakani. Silaha zote za vita hivyo zilipita mikononi mwake, na hakuacha mtu asahau. Ukimwamkia, anakujibu kwa kipenyo cha mtutu.

Kazi ilikwenda vizuri. Tulimzuia mwandishi mmoja kumpa jenerali wake bastola iliyotengenezwa baada ya jenerali mwenyewe kufa. Mwingine tulimruhusu mzinga, ila bila magurudumu.

Ndipo akaja Mwalimu, mwanamke anayefundisha jiografia, na riwaya yake juu ya daraja. Daraja hilo kila mtu analijua. Katika vita vya mpakani kikosi kidogo kiliachwa kulilinda, kikalikimbia, adui akavuka, na mji ukachomwa. Koplo aliyekiongoza alihukumiwa kwa woga na kuvuliwa cheo mbele ya gwaride. Lakini katika riwaya ya Mwalimu, Koplo na vijana wake wanabaki. Wanapiga risasi hadi kunakucha, na daraja halivukwi.

"Mwalimu," Kanali alisema, akigonga muswada kwa kidole, "bunduki zako zinapiga."

"Ndiyo, Afande. Ni bunduki."

"Zinapiga usiku kucha. Hilo haliaminiki."

"Basi zipige mara ngapi?"

"Zisipige."

Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta mwanafunzi aliyecheka. "Zisipopiga, watu wangu watafanya nini?"

"Watakimbia!" Kanali alinguruma. "Mtu mwenye akili zake afanye nini na rungu lenye mkanda? Bunduki zile nazijua mimi. Hazikuwa na uwezo huo."

 Mikono ya Mwalimu, iliyokuwa ikichezea kifuniko cha kalamu, ilitulia ghafla. Kisha akasema, polepole na kwa adabu, neno ambalo halijawahi kusemwa mbele ya Kamati:

"Sikubali, Afande. Nionyeshe."

Nilikohoa ili kumwokoa, lakini Kanali alikwisha kupanda mori. Nionyeshe? Yeye? Aliagiza bunduki itolewe makumbusho ya jeshi pamoja na risasi za shehena ileile ya vita vya mpakani, waandishi wa habari waitwe, na umma ukusanyike uwanja wa shabaha ujifunze.

Mwalimu alinifuata kwenye korido. "Katibu, naweza kuja na baba yangu?"

"Kamati ni ya uwazi," nilimjibu. "Wazee wanakaa mbele."

Siku ya maonyesho Kanali alivaa nishani zote, hata ile ya mbio za magunia. Alikoki bunduki, akalenga ubao, akavuta. *Tik.* Akavuta tena. *Tik.* Akaipindua kamera zipate kuona vizuri.

"Mmeona? Risasi imenenepa, chemba ni nyembamba. Haviingiliani hata kwa kubembelezwa! Nilizijaribu mwenyewe bohari, hakuna hata moja iliyotoka."

Mwandishi wa habari mmoja wa kike akainua mkono. "Samahani, Afande. Baada ya kuzijaribu, mlizipeleka wapi?"

"Darajani! Vita vilikwisha anza, ulitaka vijana waende mikono mitupu?"

Akacheka. Nikaongoza makofi. Nilikuwa bado napiga peke yangu nilipoona mzee wa safu ya mbele amesimama. Alikuwa mrefu, amevaa koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwikoni, na Mwalimu alikuwa amemshika mkono.

"Afande," mzee alisema, "nilivuta hivyohivyo. Niliwaeleza mahakamani kwamba hazipigi. Mkasema ni mikono yangu iliyotetemeka."

"Wewe nani?"

"Koplo wa darajani."

 Mimi mwenyewe nilikuwa namfahamu mzee huyo kwa sura tu. Mtaani kwao alijulikana kwa jina la Mguu Niponye, na tangu vita alikuwa akipita vichochoroni ili asiitwe. Sikujua kwamba ndiye baba wa Mwalimu.

Kanali aliangalia kamera, akaangalia bunduki. "Ngojeni," alisema. "Huwa inapiga. Inahitaji moyo." Akavuta. *Tik.* Akavuta mpaka jasho likamtiririka, akiinong'oneza, "Piga basi, mama, piga." Kwa kuwa mimi ni mtu wa taratibu, nilimkumbusha kwamba Kamati imekwisha toa uamuzi.

Kesi ilifunguliwa upya. Safari hii kizimbani alikuwa Kanali. Alijitetea kwamba pale uwanjani alikuwa akisimulia hadithi tu, kuchangamsha waandishi wa habari. Jaji, mwanamke asiyejua kutabasamu, akasema hadithi yenye bunduki lazima ipitishwe na Kamati. Wajumbe wengine walikuwa wameugua ghafla, kwa hiyo nilifanya kikao peke yangu kwenye ngazi. Akidi ilitimia.

"Kamati inasemaje?" Jaji aliuliza.

Kanali alinikonyeza. Mzee alikuwa benchi la nyuma, ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kuitwa jina lile lile.

"Mheshimiwa," nilisema, "bunduki zile hazipigi. Na Mwenyekiti wetu alilijua hilo kabla ya vijana kuondoka."

"Katibu! Mimi ndiye niliyekuteua!"

"Kaa chini," Jaji akamwambia, na Kanali akakaa. Kisha akatamka kwamba hukumu ya Koplo imefutwa na cheo chake kimerudishwa. Mwalimu alilia bila kujificha. Mzee alisema tu, "Asante, mama," akavaa kofia.

Tulipofika nje, mvua kubwa ilishuka bila kupiga hodi. Wote tulitimua mbio: Jaji ameshikilia joho, askari magereza, kamera, mimi na heshima zangu zote. Tulijibana chini ya kibaraza, tukihema.

Mzee peke yake alikuwa katikati ya barabara kuu, akitembea.

"Baba, utalowa!" Mwalimu alipiga kelele.

"Acha nilowe, mwanangu," alijibu, wala hakuongeza hatua.