Diski Nyekundu na Mkono wa Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Februari

Nina bahati mimi! Niseme wazi, hapa hasomi mtu. Wengine huamka alfajiri kuitafuta, mimi hunikuta nimekaa nakunywa chai. Niliwahi kuteleza kutoka ghorofani na kopo la rangi mkononi, nikatua juu ya magodoro yaliyoanikwa. Melini nilikofanya kazi ujanani, nahodha alikuwa akiniita Mteule. Huenda alikuwa anamwita mtu mwingine, lakini mimi ndiye niliyeitika.

Leo tena! Nilikuwa napaka mlango wa duka la video la Bwana Kasha. Tunamwita hivyo kwa sababu makasha ya filamu yamejaa humo hadi dirishani. Akanipa siri ya dunia. Diski tulizozizoea zimekwisha kazi. Zimekuja mpya, picha kali mpaka unaona vinyweleo puani mwa mwigizaji. Ila zimekuja za aina mbili zisizopatana. Moja hukaa katika kasha la bluu, nyingine katika kasha jekundu. Mashine ya hii haisomi ile. Lazima moja ife, na wasomi wanabishana itakufa ipi.

Sikubishana. Mimi ni mpaka rangi. Nikamwambia bluu ni rangi ya choo na zahanati. Nyekundu huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Weka milango miwili, mmoja mwekundu, mmoja wa bluu, uone watu wanaingia wapi. Kwisha maneno!

Bwana Kasha akanitazama kwa heshima kubwa. Akasema mtu kama mimi ndiye aliyekuwa akimsubiri wiki nzima. Yuko tayari kunipa mashine ya diski nyekundu, mpya, pamoja na katoni nzima ya filamu zake. Nimpe tu ile mashine ya gemu iliyo nyumbani kwangu. Mashine ya gemu! Kidude cha kukimbiza magari ya uongo! Nilikwenda kuileta mbio kabla akili haijamrudia. Katoni alinibebea mwenyewe mpaka kwangu, huku anapiga mluzi. Ndiyo heshima hiyo.

Mwanyumba wangu atakoma! Huyu ni mume wa dada wa mke wangu. Karani. Hafungui mlango bila tai. Amenunua mashine ya diski za bluu, na tangu hapo anatembea kama aliyeoa mara ya pili.

Jumapili, 3 Februari

Tatizo dogo. Mashine ya gemu ilikuwa ya mama mkwe kidogo. Yaani, ilikuwa yake yote.

Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukajikunja kama jani bichi motoni. Tukamchukua kwetu. Daktari wa viungo alimpa mpira wa kuminya, akautupa uani akisema yeye si mtoto wa chekechea. Basi mwanawe wa kiume, aliye ng'ambo, akamtumia gemu ya mbio za magari. Weee! Mkunga mstaafu, bibi wa wajukuu, anashika vitufe na kumtukana dereva wa kwenye runinga! Kila siku baada ya chakula cha mchana. Na vidole vikaanza kufunguka. Kijiko anashika. Chumvi anatia.

Tarehe kumi na tisa daktari atampima. Afunge vifungo vya gauni, amimine chai kutoka kwenye birika. Akiweza, wanawe wamekubali arudi nyumbani kwake, kwenye mlango wake na ufunguo wake. Asipoweza, abaki kwetu. Mimi akibaki nafurahi, ndiye peke yake anayecheka vichekesho vyangu. Lakini nimemwona anavyoukamata ule ufunguo usingizini.

Haya yote niliyajua. Yalinitoka kidogo tu, kwa furaha ya biashara.

Leo ameuliza mashine iko wapi. Nikasema iko kwa fundi, ilikuwa inatoa moshi. Akauliza fundi gani. Nikasema fundi mzuri. Nikamwekea filamu nyekundu, ya manahodha na mawimbi. Picha! Maji yanakaribia kumwagika kwenye zulia! Akatazama mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akaniambia, baba, nimeona, nzuri; sasa mkono wangu ufanye nini hapo, upige makofi?

Jumanne, 5 Februari

Nimepata dawa. Mkono ni mkono, kitufe ni kitufe. Nimempa mama mkwe rimoti ya mashine nyekundu, nikamwambia azoeze vidole hapo. Mbele, nyuma, simama, nenda. Alibonyeza kwa bidii. Filamu nzima ilipita kabla chai haijapoa. Watu walioana, wakazikwa, wakazaliwa. Halafu akaiweka rimoti chini, akasema gari lake likigonga ukuta roho humruka, na roho ikiruka vidole navyo huruka. Hapa anabonyeza tu kama anayeita lifti.

Jioni nikamkanda mkono kwa maji ya moto. Hilo nalifanya kila siku na sitaki sifa. Naandika tu ili ijulikane.

Mke wangu ameuliza fundi anakaa mtaa gani. Nikasema amehama.

Ijumaa, 8 Februari

Mwanyumba ametualika kutazama filamu ya bluu. Nikachukua diski nyekundu moja, nikaificha ndani ya koti. Mpango: azungushe maneno yake yote, kisha niichomeke yangu humo humo, waone picha ya wanaume.

Tukafika. Tai shingoni, nyumbani kwake mwenyewe! Akatukaribisha, shikamoo mama, karibu mwanyumba, habari za brashi? Nikamwambia brashi hazijambo, zinamwulizia. Mkewe alipomwita jikoni nikaichomeka diski yangu. Mashine ikaguna. Ikaitema. Nikairudisha. Ikaitema tena kama mtoto na dawa ya minyoo. Mwanyumba akanikuta nimepiga magoti mbele ya mashine. Akauliza kama naiomba msamaha.

Hapo ndipo nikaiangalia vizuri. Nyeusi. Nene. Mgongo umebinuka. Na vitufe vile vile! Nikauliza, kwani hii si ya gemu? Akacheka mpaka tai ikamgeukia mgongoni. Akasema mwanyumba, lo, hii ndiyo hiyo hiyo, inacheza gemu na inacheza diski za bluu. Si mnayo moja pale kwenu, ya mama? Hujawahi kuiwekea filamu?

Maji niliyokuwa nakunywa yalipita puani.

Kwa hiyo nilikuwa na bluu nyumbani! Muda wote! Nimetoa bluu ili nipate nyekundu ili nimshinde mwenye bluu!

Mama mkwe akaomba acheze. Karani akamshinda. Yule karani, ambaye mwezi uliopita alikuwa akila vumbi lake! Kidole gumba hakikumtii mama, gari likawa linalala mtaroni. Hakutukana hata kidogo. Njiani alificha mkono ndani ya khanga. Nikamtolea kichekesho changu kizuri cha nahodha na bata. Hakucheka.

Jumatatu, 11 Februari

Nimekwenda kuirudisha mashine ya mama. Bwana Kasha ameiweka dirishani, inaonyesha filamu ya bluu, watu wamejaa barabarani. Makasha mekundu hayamo tena dukani. Hata moja! Nikauliza yamekwenda wapi. Akasema, Brashi ndugu yangu, si uliyachukua wewe?

Nikamwomba tubadilishane upya. Akacheka. Nikamweleza habari za mkono wa mama mkwe. Akaacha kucheka, si mtu mbaya yule. Akasema hivi: nimpakie duka lote ndani, kuta na dari, likimpendeza, mashine naondoka nayo. Rangi atatoa yeye.

Nikauliza rangi gani.

Bluu.

Kwa ajili ya mama mkwe nitapaka hata mbingu. Siku ya kupimwa ni wiki ijayo, nikimaliza mapema atapata siku kadhaa za kujinoa. Kazi rahisi. Kama kumsukuma mlevi!

Jumamosi, 16 Februari

Rahisi ingekuwa, kama si ustadi wangu.

Rangi aliyoniletea Bwana Kasha haikutosha kupaka mara mbili. Mjinga angerudi kumwambia. Mimi nina akili. Nyumbani nilikuwa na makopo ya nyekundu yaliyobaki kwenye kazi ya kituo cha zimamoto. Nikapaka hiyo kwanza, bluu ikaja juu. Nani ataona? Tena ilinipa raha, sikatai. Kila nilipofunika ukuta nilijua chini yake kuna nyekundu inacheka. Niliimba.

Kila mpaka rangi anajua kwamba nyekundu ile hupenya. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Nimewafundisha wengine mimi mwenyewe.

Asubuhi tulifungua duka pamoja. Zambarau. Kuta, dari, pembe zote. Si zambarau moja, ni ya madoa, kama bilinganya lililopigwa. Bwana Kasha alizunguka mara nyingi. Kisha akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo bluu tuliyokuwa tukipaka melini. Nikamwambia ikikauka itatulia. Akasema imekauka.

Mashine imebaki dirishani.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe ameokota ule mpira wa uani, amekaa anauminya kimya kimya. Mtu aliyekataa mpira mwaka mzima! Nikapita nyuma ya nyumba ili tusionane macho.

Jumanne, 19 Februari

Redio asubuhi: watengenezaji wa diski nyekundu wameacha kuzitengeneza. Zimekufa. Mke wangu akaongeza sauti. Nikasema ni uvumi wa makarani.

Hospitali tulikwenda sote watatu. Chai alimimina, nusu kwenye kikombe, nusu kwenye viatu vya daktari. Vifungo, akakamata cha chini, akakipata. Cha pili kikamtoroka. Akakifuata, kikamtoroka. Vidole vikawa vinakuna kitambaa tu. Daktari akamwambia pumzika, mama. Akasema hajachoka. Akaendelea mpaka mke wangu akageukia ukutani.

Matokeo: bado. Arudi mwezi ujao.

Nje kwenye benchi mama mkwe akaniita, baba, kaa hapa. Nikakaa. Akaniuliza yule fundi wa moshi hajambo? Nikaanza kumweleza kwamba vipuri vimechelewa. Akaniwekea mkono begani, ule ule mbovu, mzito kama tofali. Akasema mashine ameiona dirishani kwa Bwana Kasha tangu siku ile ya kwanza watu walipojaa barabarani. Alikuwa anasubiri nimwambie mwenyewe. Amepokea watoto wengi waliotangulia miguu badala ya kichwa, kwa hiyo mimi simshangazi.

Nikamwambia nilitaka tuone picha nzuri. Akasema anajua. Akasema pia kwamba kuanzia leo anahamia kwa mwanyumba, kwenye vitufe, mpaka mkono urudi.

Kwa mwanyumba! Mke wangu alimfungia nguo bila kunitazama. Nilibeba sanduku mwenyewe. Mwanyumba alilipokea mlangoni, hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jioni maji ya kukanda nilichemsha kwa mazoea. Nikayatazama yakipoa.

Jumamosi, 23 Februari

Mke wangu ametoka huko. Anasema mama amemshinda karani mara tatu mfululizo, amemwita kobe mwenye tai, na leo amefunga vifungo viwili bila msaada. Nikaruka kutoka kwenye kiti! Halafu nikakumbuka ni kwa mwanyumba. Nikaendelea kuruka vivyo hivyo. Nimemwahidi mke wangu kwamba nimekoma. Sitabadilisha kitu tena. Nimeapa huku nimeshika kichwa.

Mchana nikapita barabara ya bohari. Jamaa mmoja ana shehena ya diski nyekundu, ukutani mpaka juu, hajui azipeleke wapi. Watu hawaoni mbali! Kitu kikiacha kutengenezwa kinakuwa adimu, na adimu hutafutwa. Wote watazitupa, atakayebaki nazo ni mmoja, na dunia nzima itapiga hodi kwake. Nikamweleza jamaa. Akanitazama kwa heshima kubwa. Akasema mtu kama mimi ndiye aliyekuwa akimsubiri wiki nzima. Akanipa zote, nami nikampa ngazi yangu.

Zimejaa chumba cha mama mkwe mpaka dirishani. Akirudi kutusalimu tutazipanga vizuri, atacheka.

Mke wangu amesimama mlangoni muda mrefu. Hakupiga kelele. Ameuliza tu, baba watoto, Jumatatu una dari ya kupaka, utaifikia vipi? Nikamjibu kwamba mimi nina bahati.

Alipoondoka nikatazama pale ngazi ilipokuwa ikiegemea, nikajua nimemdanganya. Sina bahati, na sijawahi kuwa nayo.