Pua ya Bwana Tuddle

Los Angeles, Jumatatu, 5 Machi 1917
Bwana Tuddle, yule mlevi wa katuni za gazetini, anatiwa kwenye sinema bubu! Nafasi ya kumwigiza ni yangu. Nimeshamwandikia mama kule kwetu Toledo kwamba nimeipata. Kanisa lake zima linajua. Kilichobaki ni kuipata. Mpinzani mmoja tu: Floyd Pruitt, kitambi bila kipaji.

Jumanne, 6 Machi
Nimegundua siri! Ukurasa wa katuni wa Jumapili, ule wa rangi, nimeubandika juu ya kioo. Pua ya Tuddle nyekundu kama nyanya. Nimeazima rangi ya mdomo ya Bi. Dunphy, mwenye nyumba wangu. Yeye bado hajajua.

Jumatano, 7 Machi
Majaribio. Pruitt kaja na pua ya kijivu! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mpiga picha, Lundquist, akaninong'oneza, "Ndugu yangu, futa hiyo. Kwenye filamu, rangi nyekundu hutoka nyeusi." Nikamwambia akamdanganye mwingine. Nani asiyejua kwamba anacheza karata na Pruitt? Zamu yangu ilipofika, nikatumbukia kwenye pipa la unga. Kwa ufundi mkubwa!

Ijumaa, 9 Machi
Tumetazama filamu. Aibu! Katikati ya uso mweupe kwa unga, shimo jeusi. Mwongozaji, Bwana Haskell, alicheka mpaka sigara ikamdondoka. "Jamani, huyu maskini pua yake iko wapi?" Pruitt akamjibu, "Kaiweka rehani, mzee." Nafasi kapewa Pruitt. Nimelia, sifichi. Mama nitamwambia nini? Na Bi. Dunphy anasaka rangi yake nyumba nzima.

Jumamosi, 10 Machi
Nimeitwa tena! Haskell kasema kuanguka nakujua kweli, kwa hiyo nitakuwa punda wa Tuddle. Miguu ya nyuma: ngozi moja ya punda, watu wawili ndani. Ndani ya ngozi ni giza na joto, na aliye mbele yangu amekula kabichi.

Nimelitafakari sana kosa langu. Lundquist ni mwongo. Rangi ilikuwa kidogo, basi. Na tayari nimelegeza nyuzi za mshono chini ya mkia. Jumatatu Pruitt akipanda tu, nitageuka humo humo ndani, ngozi ipasuke, uso wangu utokeze mbele ya kamera. Toledo nzima itanitambua.

Safari hii nitaipaka pua tabaka tatu.