Leseni Namba Sitini na Mbili

Redio ilitangaza kwamba wabunge kule Bangkok wanafikiria kuhalalisha kamari ili serikali ipate kodi. Watu wengine waliisikia kama habari. Bunlue aliisikia kama mahari. Mama wa mchumba wake, Malai, alishamwambia waziwazi: bila burungutu la kutandazwa kwenye sinia mbele ya wageni, harusi asahau.

Basi kesho yake akaingia mji mdogo wa Nong Krathum akiwa na sare ya kaki ya kiserikali aliyoazima, nyota mbili begani, moja ikining'inia. Alikwenda moja kwa moja kwa Dada Huai, mwendeshaji wa bahati nasibu ya chini kwa chini. Kila droo ya serikali ilipotoka, watu walimchezea namba mbili za mwisho, na hizo ndizo zilizompa ugali wake, au tuseme wali.

"Dada, sheria inakuja," Bunlue alisema kwa sauti ya kumhurumia. "Atakayejisajili mapema atakuwa halali peke yake wilaya nzima. Wengine jela."

"Wote? Hata Oi anayechezesha soko la chini?"

"Huyo ndiye wa kwanza."

Dada Huai akatabasamu mpaka jino la dhahabu likaonekana. "Na serikali inataka nini kwangu?"

"Kidogo tu. Kuanzia leo ni mshirika wako. Wewe ukila, nayo inaonja."

Tamaa haina breki. Mfuko wa noti ukaletwa, na Bunlue, kwa heshima zote za taifa, akamkabidhi cheti chenye mhuri aliouchonga kwenye soli ya kandambili. Leseni namba sitini na mbili. Namba yenyewe ilimjia tu kichwani.

Hapo ndipo alipoteleza. Nong Krathum ni watu wa kusugua poda kwenye gome la mti wakitafuta namba ya kuchezea. Leseni ya kwanza ya kamari halali ingewapitaje? Kabla Bunlue hajawasha gari, mabibi wawili walikuwa wameshalifukizia udi na kulivisha shada la maua kwenye bampa.

"Nipisheni, bibi, nina haraka."

"Tulia, mwanangu, usitutibulie bahati. Droo ni leo."

Mji mzima ukanunua sitini na mbili. Alasiri redio ikasoma droo, na namba mbili za mwisho zikawa sitini na mbili.

Watu waliruka, wakakumbatiana, wakalia. Dada Huai hakuruka. Alikuja mpaka kwenye gari, umati nyuma yake.

"Mshirika, tumeliwa. Lipa."

"Dada, kodi ni ya faida..."

"Ehee! Kwenye kula tuko wote, kwenye kuliwa niko peke yangu?"

Mfuko ukatoka garini na kupita mkono kwa mkono, ukarudi mtupu. Bunlue aliutazama kwa uchungu wa kweli. Nusu ya harusi yake ilikuwa humo. Waliokosa malipo yao wakaanza kufungua matairi ya gari.

"Jamani, mimi si afisa! Ni tapeli!" Tangu azaliwe hakuwahi kusema kweli kwa sauti kubwa namna ile.

"Siku ya kulipa hakunaga afisa," bibi mmoja akamjibu, akiendelea na spana yake.

Ikabidi akimbilie kituo cha polisi, huku kaki ikilowa jasho.

"Afande, nifunge! Nimetapeli mji mzima."

Sajini akamtazama kwa upole, kisha akatoa kikaratasi mfukoni. Sitini na mbili.

"Chagua mwenyewe, mheshimiwa. Ukiwa tapeli, nakufunga miaka. Ukiwa afisa, unanilipa changu, unaenda zako."

Bunlue akanyoosha kola.

"Mimi ni afisa," akasema, akaanza kuvua saa.

Malai aliolewa mwezi uliofuata na fundi friji, mtu ambaye hata karata hajui kuzichanga.