Asilimia Sitini na Mbili za Mkurugenzi

Idara ya Mawasiliano Yasiyokatika ina furaha kutangaza kwamba mtandao sasa upo kila mahali. Tangazo hilo lilitoka katika magazeti manne. Mimi ni karani wa kumbukumbu katika idara hiyo na ndiye niliyelihariri, kwa hiyo naweza kuthibitisha kwamba halikuwa na kosa. Nilihamisha mkato mmoja tu.

Watu wameniuliza tulijuaje kwamba mtandao upo kila mahali. Ni swali la haki. Utaratibu ulikuwa hivi: kila mwananchi asiye na mtandao aliombwa atume malalamiko kwa kutumia programu ya simu ya idara, iitwayo Nipo. Tulisubiri siku tisini. Malalamiko kutoka sehemu zisizo na mtandao yalikuwa sifuri. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu sipendi kuhukumu haraka. Mara ya pili pia yalikuwa sifuri.

Baada ya ushindi huo Mkurugenzi wetu alianzisha Uthibitisho wa Ijumaa. Kila shule, zahanati na ghala la umma lilitakiwa kufungua Nipo kila Ijumaa kabla ya saa sita mchana na kubonyeza kitufe kimoja kusema kwamba lipo. Lililokosa Ijumaa tatu mfululizo lilihesabiwa kuwa halipo, na dawa, chaki au kufuli zake zilipelekwa kwa waliopo. Maofisa nao waliingizwa. Kwa kuwa ofisa yuko karibu na mnara, yeye akikosa Ijumaa moja tu, basi.

"Hata mimi," Mkurugenzi alisema kikaoni, akijigonga kifua. "Nikikosa, nisiwepo!"

Tulimpigia makofi. Niliandika kwenye kumbukumbu: makofi.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kutoa toleo jipya la Nipo kila Alhamisi. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusoma kijitabu kilichokuja na mashine ya kuchapishia, na mpaka leo nikikwama hurudi ukurasa wa kumi na nne. Matoleo yetu yalikuwa na maboresho makubwa. Toleo la thelathini lilibadilisha kitufe kutoka kijani kuwa kijani iliyokolea. La thelathini na moja lilikirudisha, kufuatia maoni ya Mkurugenzi. Asiye na toleo jipya hakuweza kubonyeza, maana angebonyeza rangi ya zamani.

Jumatatu moja aliingia ofisini mama mmoja mwenye viatu vyekundu kwa vumbi, amebeba sanduku tupu la kuhifadhia chanjo. Alikuwa mkunga wa zahanati ya bondeni, nyuma ya kilima.

"Baba, habari za kazi."

"Njema, mama. Karibu kiti."

"Nikikaa sitainuka. Nimetoka ghala la dawa. Wamenirudisha, wanasema zahanati yangu inakaribia kutokuwepo."

Nilitazama kwenye kompyuta. "Ni kweli. Umekosa Ijumaa mbili. Bado moja."

"Lakini ipo. Nimefunga mlango asubuhi kwa mkono huu." Akauinua mkono nione.

"Sikatai mama. Ila mkono haupo kwenye mfumo."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayekataa sindano. "Sasa sikiliza. Bondeni mtandao unapatikana sehemu moja tu. Ngazi ya tangi la maji, nyuma ya zahanati, kipago cha saba, simu mkono wa kushoto. Ukiipeleka kulia, umeula wa chuya. Kijiji kizima kinapanga foleni pale, kila mtu dakika tano. Nami napanga. Kila nikifungua hiyo Nipo yenu inaniambia, toleo jipya linapatikana. Napakua. Dakika tano, asilimia nane. Nashuka, napanga tena. Alhamisi iliyopita nilifika asilimia tisini na moja."

"Hongera sana, mama."

"Ijumaa asubuhi nikapanda kumalizia. Ikaniambia, toleo jipya linapatikana."

Hilo lilikuwa la thelathini na mbili. Sikumwambia kwamba ni langu.

"Nina wajawazito watatu wanaojifungua mwezi huu," alisema. "Sina dawa ya kuzuia damu. Ijumaa ikipita nitawaambia nini? Wasubiri tuwepo?"

"Ungetuma malalamiko," nilimshauri.

"Kwa njia gani?"

"Kwa Nipo," nikasema.

Alibeba sanduku lake akatoka. Hakubamiza mlango. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Nilipeleka taarifa ya maandishi kwa Mkurugenzi, ukurasa mmoja na nusu, bila kumlaumu mtu. Aliisoma akafurahi.

"Karani, hii ni fursa. Wanasema hawana mtandao? Tutakwenda kuuzindua."

"Mheshimiwa, tulishatangaza kwamba upo."

"Ndiyo maana uzinduzi utakuwa rahisi. Ijumaa hii hii. Nitajithibitisha mbele yao, mpiga picha akiwepo. Na toleo la wiki hii lisitoke Alhamisi. Litoke Ijumaa saa tatu, kwa heshima ya siku yenyewe. Kitufe kiwe cha dhahabu."

Ijumaa niliamka mapema. Nina mazoea ya kumaliza la leo kabla ya chai, kwa hiyo saa moja na nusu, nikiwa chini ya mnara wa ofisi, nilifungua Nipo nikabonyeza kitufe cha kijani. Saa tatu kamili nilitoa toleo la thelathini na tatu, kisha nikapanda gari la idara pamoja na Mkurugenzi, mpiga picha na dereva wetu, mtu mnene asiyeongea mpaka aulizwe, na akiulizwa huanza kwa kuguna.

Bondeni tulikuta turubai, viti ishirini, na watu kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja walikuwa kwenye foleni ya ngazi, wamelipa mgongo turubai na viti vyake. Sauti zao zilitufikia vizuri.

"Redio imesema unakuja mtandao wa kupakua filamu nzima ukifumba na kufumbua," alisema fundi baiskeli.

"Sisi tutafumba tu," akajibu mwashi aliyekuwa nyuma yake. "Kufumbua watatutumia baadaye."

"Wengine wanasema utashushwa kutoka angani."

"Kwani ngazi hii unadhani inakwenda wapi?"

"Na kuna mashine zinafikiri siku hizi. Shemeji yangu kaona."

"Moja ije hapa ifikirie hii foleni."

Chini ya ngazi alikaa bibi mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, saa ya ukutani imelala mapajani mwake. Walimwita Bibi Zamu. Hakuna aliyemchagua, na hakuna aliyewahi kumpinga.

Mkurugenzi alitoa simu yake ili aanze. Mpiga picha akapiga magoti. Simu haikuonyesha kitu. Mkurugenzi akaigeuza upande wa kilima, kisha upande wa turubai, kisha akaipuliza.

"Mheshimiwa," nikamnong'oneza, "kipago cha saba. Mkono wa kushoto."

Alitembea mpaka kwenye ngazi kama mtu anayekagua gwaride na kushika kipago cha kwanza.

"Baba, wa kumi na mbili," alisema Bibi Zamu.

"Mama, mimi ni Mkurugenzi."

"Hujambo, Mkurugenzi. Wa kumi na mbili."

"Mimi ndiye niliyeleta mtandao hapa!"

Foleni nzima ilimtazama kwa hamu ya kweli. "Umeuweka wapi?" akauliza fundi baiskeli.

Mkurugenzi akasimama wa kumi na mbili. Mpiga picha aliomba ruhusa akaketi kivulini.

Zamu yake ilipofika ilikuwa saa tano na dakika tano. Alipanda, akainua mkono wa kushoto, na tukamsikia akisoma kwa sauti: "Toleo jipya linapatikana." Akaniangalia kule chini. Nami nilimwangalia. Kitufe kilikuwa cha dhahabu, kama alivyoagiza, na rangi ya dhahabu ni nzito kupakua.

Ni haki niseme kwamba watu wa bondeni hawakumdhihaki. Waliposikia kwamba asipobonyeza kabla ya saa sita hatakuwepo, walimhurumia. Hali hiyo wanaijua. Mwashi alimpa zamu yake. Fundi baiskeli akampa yake. Mmoja baada ya mwingine walimwachia dakika tano tano, na Bibi Zamu akakubali, kwa sharti kwamba asikanyage kipago cha nane, kimeoza. Asilimia kumi. Ishirini na tano. Arobaini na nne. Kila namba ikitajwa, watu waliitikia kama wanaosikiliza mpira redioni.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili, mkunga alitoka zahanati mbio, mikono imelowa maji.

"Nipisheni! Mama ana damu, nahitaji gari la wagonjwa!"

"Shuka, baba," Bibi Zamu alisema papo hapo.

"Nipo sitini na mbili!" Mkurugenzi alilia. "Dakika tatu tu!"

"Mwenye mgonjwa hapangi foleni. Shuka, mwanangu, usije ukashushwa."

Mwashi alishashika kipago cha pili. Mkurugenzi akashuka. Alishuka akiangalia simu, na alipofika kipago cha nne alama ya mtandao ikatoweka.

Mkunga alipanda viatu mkononi. Simu aliiweka sauti ya juu, kwa hiyo sote tulimsikia mpokea simu wa hospitali kuu. Alikuwa mtu mwenye adabu.

"Zahanati gani, dada? Aa. Naona hapa kwenye mfumo mpo mpaka saa sita. Gari kufika huko ni dakika arobaini. Sasa likifika litakuta hampo. Siwezi kulituma gari mahali pasipokuwepo, dada. Jithibitisheni kwanza."

Mkunga aliegemeza paji la uso kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba ya utumishi nilitamani kuhukumu haraka.

Dereva akaguna. "Gari si hili hapa?"

Mkurugenzi alifungua mdomo, lakini nilikuwa nimeshafungua Mwongozo wa Magari, ambao huwa natembea nao. Kifungu cha sita: gari la idara laweza kubeba mgonjwa kwa saini ya ofisa yeyote aliyejithibitisha wiki hiyo. Nilitazama huku na huku. Ofisa huyo nilikuwa mimi.

"Kitabu cha safari," nikamwambia dereva. Nikaandika: safari kutoka zahanati ya bondeni kwenda hospitali kuu, mgonjwa mmoja. Nikatia saini. "Mama, pana sehemu ya muhuri."

Mkunga alishuka, akatoa muhuri mfukoni, akaugonga bila kutazama na kurudi ndani mbio. Walimtoa mgonjwa akiwa juu ya godoro, wamelishika wanne, wakamlaza kiti cha nyuma. Mkunga akachuchumaa chini pembeni yake. Wifi wa mgonjwa alibanwa mlangoni na kanga, ndoo na maombi. Kilibaki kiti kimoja mbele, cha ofisa.

Mkurugenzi alikuja kukikalia. Saa ya Bibi Zamu, mapajani kwake, ililia mara kumi na mbili.

"Mheshimiwa," nilisema, na naapa nilisema kwa upole, "kuanzia sasa wewe si ofisa. Gari linaruhusu ofisa au mgonjwa. Unaumwa popote?"

"Siumwi!" alifoka.

Niliandika: haumwi. Tukaondoka.

Mama yule alijifungua mtoto wa kike saa saba na robo, na wote wawili ni wazima. Nimeona kwa macho yangu, siyo kwenye mfumo.

Alasiri tulimrudisha mkunga. Mkurugenzi tulimkuta kipago cha saba, mkono wa kushoto juu, simu imezimika kwa kukosa chaji, akiwa na imani kwamba mfumo ungemwelewa. Alikataa kushuka. Mpiga picha tulimchukua. Yeye aliumwa kichwa.

Jumamosi nilikaa na Mwongozo wa Magari. Kifungu cha tisa kinasema mahali popote ambapo gari la idara limefika na kugongewa muhuri pahesabiwe kuwa papo. Kifungu hicho kiliwekwa zamani, madereva walipokuwa wanasafiri sana kwenda sehemu zisizokuwepo. Niliingiza kitabu cha safari kwenye mfumo. Mfumo ulifikiri kidogo, kisha ukaandika kwamba zahanati ya bondeni ipo. Jumatatu asubuhi sanduku la chanjo lilitoka ghalani limejaa.

Jumatatu hiyo hiyo mlango wa ofisi ulifunguliwa akaingia mwanaume mwenye viatu vyekundu kwa vumbi. Alikuwa amepanda lori la matofali, kisha ametembea. Nilisimama. Mazoea ni kitu kigumu. Kisha nikakumbuka kwamba mfumo ulikuwa umenikaimisha nafasi yake tangu Ijumaa saa sita na dakika moja, kwa kuwa nilikuwa wa pili kwa cheo na wa kwanza kwa kuwepo. Nikaketi.

Aliweka mezani karatasi iliyochanwa kwenye daftari la wagonjwa wa nje. Ilikuwa na mwandiko wa mkunga na muhuri wake: Mwanaume. Miaka hamsini na minne. Amepigwa na jua, amepewa maji. Yupo.

"Umeona?" alisema. "Imeandikwa nipo."

Niliisoma mara mbili. "Ni karatasi nzuri. Ila kifungu cha tisa kinahusu mahali, na wewe si mahali."

"Karani, unanifahamu! Miaka kumi na saba! Nimesimama mbele yako!"

"Sikatai," nikasema.

Alikaa. Alikuwa na uchovu wa kweli usoni, na sikufurahi kuuona. Niliagiza aletewe maji. Akanywa, akaifuta simu kwa kiganja, akaiweka karibu na karatasi.

"Ulifika asilimia ngapi?" nikamuuliza.

"Sitini na mbili."

"Hongera sana," nikamwambia. "Jitahidi umalize kabla ya Alhamisi. Kitufe kinarudi kijani."