Ruta Mbili za Mtaa wa Dallas

Jumatatu, 12 Mei

Mgongo umekataa kunyooka. Tumeshinda tukichimba mtaro wa nyaya za intaneti hapa mtaa wa Majimbo, mawe matupu. Mwezi uliopita tulikuwa Runyenjes. Mwezi ujao ni Siakago. Mke wangu Kinya yuko nyumbani Mutuati na watoto, na amesema hawezi kuolewa na mtaro. Nikipata kazi isiyohama, atakuja tukae pamoja. Nikikosa, nisimsumbue na simu za mahaba.

Lakini leo mlango umefunguka! Injinia Njura, mkubwa wetu, ametutoa mtaroni tukabebe ruta mbili hadi kibanda cha mabati kule mtaa wa Dallas. Si vile vidude vya nyumbani vyenye antena. Hizi ni ruta mama, nzito kama ng'ombe aliyegoma, kila moja inalisha intaneti mtaa mzima. Kampuni mbili zinazoziunda zinashindana: Radi na Mwewe. Radi italisha Dallas, Mwewe italisha Majimbo. Itakayofika Jumamosi bila kuzimika ndiyo itanunuliwa. Na kampuni itakayoshinda itaajiri mtu wa kuitunza. Kazi ya kudumu. Ndani ya nyumba!

Nilimfuata Peninah, muuzaji wa Radi, hata hajashuka garini vizuri. Amesema mashine yake ikishinda, kazi ni yangu. Nikatoka nikiimba. Nje nikakutana na Mwirigi, mchimbaji mwenzangu wa kutoka Chuka. Naye anaimba! Ameshaahidiwa kazi hiyohiyo na Younis, muuzaji wa Mwewe.

Jumanne, 13 Mei

Mpango wa kwanza: kuharibu jina la Mwewe. Nilimwambia Injinia kwamba mashine ile inakoroma, huenda ina ugonjwa wa kifua. Akasema zote zinakoroma, hizo ni feni, nirudi nikachimbe.

Mwirigi naye alipita nyumba kwa nyumba Dallas akisema Radi inanyonya stima za watu. Mama wa saluni akaja kibandani na kichana mkononi, anauliza ni nani anayekula tokeni zake za stima. Peninah akamtuliza kwa fulana ya Radi. Younis kuona hivyo, akagawa kofia za Mwewe. Peninah akaleta mandazi. Younis akachinja mbuzi! Sijawahi kuona chuma kikipendwa hivi.

Nilikula pande zote mbili. Bahati mbaya Peninah akanikuta na fulana yake mwilini, kofia ya Younis kichwani na mbavu ya mbuzi mdomoni. Akauliza, wee Kailemia, kwani uko upande gani? Nikamwambia mimi ni Radi mwili mzima, ni kichwa tu kilichosikia baridi.

Jumatano, 14 Mei

Nimeigusa Radi mgongoni. Moto! Kama sufuria ya githeri. Mabati ya kibanda yanachoma na mle ndani hakuna hewa. Mashine hii haifiki Jumamosi. Kinya haji.

Niliacha shule darasa la saba, lakini mambo ya joto nayajua. Nimefunga miraa ya kuuza tangu nikiwa kijana. Miraa iliyoachwa wazi hunyauka siku hiyohiyo. Iliyofungwa majani ya ndizi husafiri nchi nzima na kufika mbichi kama imechumwa sasa hivi. Mashine inajiona nani?

Nilikwenda sokoni kwa mama mmoja anayeleta ndizi kutoka Mitunguu. Nikamwomba majani yote. Akauliza nina miraa kiasi gani. Nikasema si miraa, nina mgonjwa. Akaniongezea, akasema poleni sana.

Alhamisi, 15 Mei

Saa ya chakula Injinia alitoka. Nikaingia. Niliifunga Radi kama inavyotakiwa: jani juu ya jani, yamelowa maji kidogo, kamba ya mgomba, fundo la kwetu Igembe. Hata tundu moja sikuacha. Kukoroma kukapungua. Nikajua imepata usingizi.

Jioni intaneti ya Dallas yote ilizimika! Kwenye baa, mpira ulikatika mpigaji akiwa bado ameinua mguu. Watu wakatoka nje, wakaanza kusalimiana na majirani ambao hawajawahi kuonana nao. Tukakimbilia kibandani. Ndani kulinuka ndizi za kuchemsha. Nikajiambia, basi Mwewe imeshinda, na Mwirigi ataingia ndani ya nyumba.

Mara Majimbo nayo ikazimika.

Injinia akawasha tochi ya simu. Vifurushi viwili vya kijani, kando kwa kando, vinatoa mvuke! Kumbe mchana Mwirigi alikuwa ananichungulia kwenye tundu la mabati. Alidhani ni dawa ya siri ya Radi, akaifunga Mwewe majani mara mbili zaidi ili aipite. Na fundo lake ni baya.

Injinia aliuliza hii ni nini. Nikamweleza habari ya miraa. Alitoka nje, akashika ukuta, mabega yakatikisika. Sijui kama alikuwa analia. Peninah alinitukana kwa Kimeru safi, maneno ambayo sijayasikia tangu nyanya yangu afariki. Younis aliuliza tu kama kuna aliyeiwekea mashine yake chumvi.

Ijumaa, 16 Mei

Wamerudisha ruta ya zamani. Mimi na Mwirigi tumepigwa marufuku kukanyaga kibandani. Tumerudi mtaroni, kila mtu anamrushia mwenzake mchanga kichwani. Nimemwambia fundo lake ndilo lililoua zote. Akasema majani yangu yalikuwa ya jana.

Jumatatu, 19 Mei

Kampuni ya tatu imeleta ruta! Inaitwa Kimondo. Muuzaji ni Leylo, mgeni kabisa, hajui mtu hapa. Nilimsimamisha getini kabla Injinia hajamfikia. Nikamwambia zile mbili za kwanza ziliuawa na joto, nami nilikuwepo zikikata roho. Yote ni kweli. Akashtuka. Akauliza kama naweza kuangalia yake isife hivyo. Nikasema hilo aniachie mimi. Akasema ikishinda, kazi ni yangu.

Mwirigi ameonekana kwa muuza samaki, ananunua barafu. Mjinga! Barafu huyeyuka.

Nimempigia Kinya. Nimemwambia afunge vyombo, Jumatano apande gari na watoto, kazi imepatikana. Akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Magunia ya kuifunga Kimondo nimeshayaloweka. Yamekunywa maji vizuri sana.